Kwenda Bahi Bila Kugombana

Baba yangu ana duka la mikate Chang'ombe ya Dodoma, na mimi nina mdomo. Vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Mwezi wa tano aliingia mama mmoja dukani, akaminya mikate yote ya kabatini, mmoja baada ya mwingine, halafu akasema ana haraka, atarudi kesho. Nikamwambia akirudi kesho aje na mikono mingine, hiyo ya leo imeshashiba. Kumbe ni mke wa mwenye nyumba! Baba alikwenda kuomba radhi mara mbili, na ile mara ya pili alibeba keki.

Kwa hiyo nilipomwambia nataka kwenda chuo cha ufundi kusomea umakenika wa magari, hakuniuliza habari za usichana wala oili chafu. Aliendelea kukanda unga wake, akasema, "Batuli, mikono unayo. Tatizo lako ni huo mdomo. Fundi mwenye hasira anafukuza wateja. Utafungua gereji asubuhi, jioni utabaki na spana zako."

"Sasa baba, mtu akinionea ninyamaze tu?"

"Ndiyo, unyamaze. Mimi nimenyamaza kwenye hili duka tangu hujazaliwa."

Nikanyamaza palepale nikidhani itahesabiwa. Haikuhesabiwa. Baba alinitazama, akajifuta mikono, akatoa masharti yake. Kaka Luka wa Mkonze, ambaye kila likizo ya mwezi wa sita hukusanya vijana wa mitaani akatembea nao kwa baiskeli, safari hii alikuwa anakwenda Bahi. Mvua za mwaka huu zilikuwa za ajabu, mbuga ya Bahi ilikuwa imejaa maji mpaka watu wa mjini tukaanza kuiita pwani. "Nenda nao," baba akasema. "Ukirudi na Luka akaniambia hukugombana na mtu, mkubwa kwa mdogo, chuo nakupeleka mwenyewe. Ukigombana, hata kama ni na mbuzi, unakwenda Kondoa kwa shangazi yako kushona sare za shule."

Mimi na sindano! Sindano nikiiona tu kidole kinaanza kuuma. Nikaapa kwamba hata mtu akinikanyaga nitamuuliza kama mguu wake haujaumia.

Basi tukaondoka Mkonze asubuhi, vijana wasiozidi kumi, Luka mbele na fulana yake ya njano. Mimi nilipanda baiskeli niliyoiunga mwenyewe: fremu kutoka kwa fundi mmoja, magurudumu kwa mwingine, kiti sitasema nilikitoa wapi. Ilikuwa na breki moja, lakini hiyo moja ilikuwa inashika. Sijui kama unaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita. Kama huujui, basi usinisimulie habari ya upepo. Unakanyaga pedali, unatoa jasho, unainua kichwa, unakuta mti ni uleule.

Na kama upepo hautoshi, kulikuwa na Gideoni. Gideoni ni kijana wa kidato cha pili mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja na akili ya gia moja. Alikuwa anajificha nyuma yangu nimkingie upepo kilomita na kilomita, halafu Luka akitoa simu apige picha, huyo, ananipita kifua mbele. Mara ya kwanza nilimeza mate. Mara ya pili nikakanyaga kwa nguvu mpaka nikawaacha wote, maana niligundua dawa: hasira zikinipanda, nakimbia. Rafiki yangu Erica, ambaye nimesoma naye tangu darasa la kwanza na ananijua kuliko mama yangu, akawa anawaambia wenzetu kila wanaponiona niko mbali mbele peke yangu: "Haya, nani tena kamuudhi Batuli?"

Nikafika Bahi wa kwanza. Sijisifu, ila walioniudhi walikuwa wengi.

Na maji tuliyaona! Haki ya Mungu, sikutegemea. Umezoea nchi yako ni vumbi na miiba, unapanda kituta kidogo, unakuta mbele yako kumelala maji mpaka macho yanachoka, ndege weupe wamejipanga pembeni, ng'ombe wameingia mpaka magotini wanakunywa bila haraka. Gideoni alitupa baiskeli chini akapiga kelele, "Pwani!" Nami nikapiga kelele. Erica, ambaye huwa hapigi kelele hata akiumwa na nge, alicheka peke yake kwa muda mrefu. Tulikula kambale wa kukaanga kwa mikono, tukalala kwenye madarasa ya shule ya msingi, na kesho yake tukaanza kuzunguka kando ya maji, kwenye vijia vya katikati ya majaruba ya mpunga uliokwisha kuvunwa. Miiba ilitutoboa tairi bila huruma. Kila pancha ilikuwa yangu: nilitoa tyubu, nikasugua, nikapaka solusheni, nikabandika kiraka, nikajaza upepo, haya twende. Hata ya Gideoni niliiziba. Niliiziba vizuri pia, ingawa shetani alininong'oneza.

Siku iliyofuata nilikuwa sijagombana na mtu bado. Tumegeuza kurudi, jua limeshaanza kuuma, maji ya kunywa yametuishia, ndipo tukaona nyumba kubwa ya tembe yenye watu wengi uani. Wanaume wamekaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, moshi wa jiko unapanda. Luka akashuka kwenye baiskeli.

"Ni msiba huo," akasema. "Hatupiti."

Msiba ni msiba, hata kama humjui aliyekufa. Tukakokota baiskeli hadi uani. Luka, ambaye ni Mgogo kama wao, akawaamkia, "Mbukwenyi!" wakaitika, akaanza zile salamu zao za kuulizana habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za watoto, mpaka mgeni akasahau alichokuja kuomba. Tukapewa maji, tukapewa mkeka. Binti mmoja wa pale akamweleza Erica kwamba aliyefariki ni mzee Sostenes, baba yao, aliyekula chumvi nyingi, wajukuu wake wenyewe wana watoto. Leo ndiyo wanaanua tanga. "Hatumlilii yeye sana," yule binti akasema. "Tunamwogopea mama." Akatuonyesha kwa macho. Mlangoni alikaa bibi mdogo wa mwili, kajifunika kanga, mikono mapajani, anatazama chini. Ndiye Bibi Restuta, mjane. Tangu wamzike mumewe hakuwa amelia wala kuzungumza. Akipewa uji anakunywa vijiko viwili anarudisha kikombe.

Nilimwonea huruma, nikawa namtazama yeye, kumbe na mimi natazamwa. Upande wa wanawake alikuwepo bibi mwingine, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Huyo ni Bibi Emilia, dada wa marehemu.

"Wewe mwenye miguu ya korongo," akaniita. "Wa wapi?"

"Shikamoo bibi. Natoka Chang'ombe."

"Marahaba. Chang'ombe siyo kabila. Nakuuliza wa wapi?"

"Mrangi. Kwetu ni Kondoa."

Mama yangu! Yule bibi alisimama kama amepigiwa filimbi. "Mrangi!" akawatangazia watu. "Mrangi huyu hapa! Mlikuwa wapi? Mtu analala chini, watu wanazika, watu wanapika, nyie mko milimani kwenu mnajificha! Leo mmesikia pilau ndiyo mnakuja na baiskeli?" Akaja mpaka nilipoegesha baiskeli yangu, akaishika usukani, akaikokota hadi kwenye zizi na kuifunga kwenye nguzo kwa kamba ya mbuzi. "Hii imeshakuwa ya hapa. Mjukuu wangu Abeli ataendea shule."

Watu wote uani wakacheka. Mimi sikucheka. Nikageuka kumtazama Luka anitetee, nikakuta anatabasamu.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikasema moyoni, ahaa, nimekujua, Kaka Luka. Wewe na baba mmepanga! Mmemtafuta bibi mmoja mwenye mdomo kunishinda aje anichokoze mwone kama nitagombana. Sawa. Mtanikuta niko hapahapa. Nikakunja uso nikaufanya wa tabasamu, nikakaa.

Utani nilikuwa naujua, usinione mjinga. Lakini niliujua ule wa mjini: mtu anakwambia nyie Warangi hivi, unamwambia nyie Wagogo vile, mnacheka, mnaachana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba msibani mtani ana kazi yake, kwamba anasubiriwa kama anavyosubiriwa mchungaji. Mimi msiba wa Kondoa nimehudhuria nikiwa mgongoni kwa mama.

"Umekaa?" Bibi Emilia akaniuliza. "Mrangi anakaa? Masufuria yale nani ataosha?"

Nikaosha masufuria. Ya msibani, unajua yalivyo, unaingia nusu mwili. Nikiwa humo ndani kichwa chini, namsikia anawaambia wenzake, "Tazameni, watu wa milimani wamezoea mapango." Nikasugua. Nikafagia ua. Akapita nyuma yangu akamwaga maganda nilipofagia, nikafagia tena. Gideoni alikuwa anacheka mpaka machozi, na Erica, Erica wangu, ameficha uso kwenye mtandio! Nikaletewa chakula. Wenzangu wamepewa pilau, mimi nimepewa bakuli la mlenda mtupu, ugali hakuna. "Kunywa," Bibi Emilia akasema. "Uteleze ufike Kondoa haraka."

Nilikunywa. Nakwambia kweli, niliuona mlango wa chuo, nikauona na mguu wangu umekaribia kuingia, nikanywa mlenda kama chai. Baiskeli ya kukimbilia ndiyo hiyo imefungwa zizini. Hasira zilikuwa hazina pa kwenda, zimenijaa hapa, shingoni.

Akaja kukaa mbele yangu, kifua kwa kifua.

"Baba yako anafanya kazi gani huko mjini?"

"Ana duka la mikate."

"Mikate! Mrangi na mkate wapi na wapi? Huyo hapiki, anafinyanga. Na wewe ni yeye aliyekukanda? Mbona amekutoa kwenye jiko hujaiva?"

Yaani angenisema mimi miguu, angenisema macho, angenisema na pua, ningevumilia. Lakini baba! Baba anayeamka watu wamelala, mwenye makovu ya oveni mikono yote miwili, aliyebeba keki kwa mke wa mwenye nyumba kwa ajili ya mdomo wangu! Sikujua nimesimama saa ngapi. Bakuli lilianguka.

"Shikamoo bibi," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na shikamoo, nadhani ni malezi.

"Marahaba."

"Baba yangu mikate yake inaliwa mpaka na wabunge! Nyie mvua imewanyeshea mwaka mmoja, dimbwi limejaa, mmeanza kujiona mna bahari! Nimekuja kunywa maji, nimeosha masufuria ya watu nisiowajua, nimefagia ua mara mbili, nimenywa mlenda wenu usio na chumvi, na bado unasema! Husikii hata kuchoka? Sasa ndiyo nimeelewa marehemu amekufa kwa nini! Hakuugua huyo! Amekusikiliza wewe miaka tisini, akaona bora akatafute pa kulala pasipo na sauti yako! Mimi nimekusikiliza tangu asubuhi tu, nami naomba mnichimbie kaburi pembeni yake!"

Kuku mwenyewe aliacha kuparua.

Ndipo masikio yangu yaliposikia nilichosema. Msibani. Kwa bibi mzee. Kuhusu marehemu, mbele ya mjane wake! Niliziona sare za shule za Kondoa nzima zinanisubiri, za shule za msingi na za sekondari, na nikaona hata hizo ni adhabu ndogo.

Halafu nikasikia sauti ndogo mlangoni, kama mtu amepaliwa. Bibi Restuta amejishika tumbo. Nikajua ameumia, nikataka kumkimbilia nimwangukie miguuni, kumbe anacheka. Alianza kidogo kidogo, kanga ikamdondoka begani, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Kweli!" akasema. "Kweli kabisa! Sostenes alikuwa akisikia tu Emilia anakuja, anaruka dirishani anakwenda jaruba! Ananiambia, mke wangu, mwambie nimekufa!"

Ua mzima ulilipuka. Wanaume walikuwa wanapigana mabega, mzee mmoja aliangusha fimbo. Bibi Emilia mwenyewe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anacheka na kujipiga mapaja. "Mwambie nimekufa!" Bibi Restuta akarudia, na katikati ya kucheka ile sauti ikageuka, akaanza kulia. Alilia vile mtu anavyolia akiwa amesubiri siku nyingi. Wanawe wakamzunguka, wakamshika, nao wakalia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Alipomaliza akaomba ugali.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," yule mzee wa fimbo akasema, akaja kunipa mkono. "Mtani, tulikusubiri sana. Yule Mrangi wetu wa dukani alihamia Singida, tukasema safari hii tanga tutalianua kavu." Wakaja wengine, wote wananipa mikono. Luka ndiye aliyenifurahia kuliko wote. "Batuli! Sikujua unaujua utani wa kikwelikweli! Ulivyojifanya umekasirika, na mimi nusura niamini!"

Nikafungua mdomo nimweleze, nikaufunga.

Baiskeli yangu ilifunguliwa kamba ikarudishwa, na kwenye keria wamenifungia kuku jike, haki ya mtani. Wenzangu wakawa wanajaza maji ya safari. Bibi Emilia akanivuta nyuma ya jiko, nikajua sasa napigwa.

"Wewe mtoto," akasema, na safari hii kwa sauti ndogo. "Ulikasirika kweli, siyo?"

Nikasema ndiyo, bibi. Na hapohapo nikaanza kulia mimi, nikamweleza yote: baba, mteja wa mikate, chuo, Kondoa, sindano. Nikamwambia leo nimegombana na hakuna anayejua, kwa hiyo au nimdanganye baba au nikashone. Nikamwomba radhi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo nadhani halijawahi kumtokea.

"Radhi ya nini?" akasema. "Wifi yangu anakula. Na huyo baba yako, mwenyewe ni mpole?"

"Anasema hajawahi kumjibu mteja vibaya."

"Anasema," Bibi Emilia akasema. Akaniacha, akaenda kuzungumza na Luka. Nilimwona Luka anatoa simu, nikadhani wanapeana namba za kutumiana picha.

Tukarudi mjini kesho yake, safari hii upepo unatusukuma mgongoni, wenzangu wanaimba. Mimi nilitangulia mbele peke yangu njia nzima. "Nani kamuudhi?" nikamsikia Gideoni anauliza. Erica akamjibu, "Leo hakuna. Muache."

Jioni ile Luka alinifikisha mpaka dukani kwa baba. Baba alikuwa anakanda unga wa asubuhi, mikono myeupe mpaka viwikoni, simu ameiegemeza kwenye mzani. Luka hakungoja kuulizwa.

"Mzee Mbwana, hakugombana na mtu. Hata Gideoni alimvumilia, na Gideoni ni mtihani. Tena huko Bahi tumekuta msiba, amekuwa mtani wao, ametuliza mjane. Kuku huyu hapa."

Baba alinitazama. Macho yake yalijaa furaha mpaka nikaona aibu kuyatazama. "Kweli, Batuli?" akaniuliza. Nami niliyekwenda Bahi kujifunza kunyamaza, nikanyamaza.

Simu ikaita. Baba akaigusa kwa ncha ya kidole cha mwisho, akaiweka spika.

"Mikate ya Mbwana, karibu."

"Wewe ndiye Mbwana?" Sauti ya kike, ya kuitia ng'ombe. "Mimi mteja wako. Nimenunua mkate wako, nimewapa kuku, kuku wamehama nyumba."

"Pole sana mama," baba akasema, huku ananikonyeza, kama anasema tazama, jifunze. "Uulete, tutakubadilishia."

"Unibadilishie na nini, na mwingine? Nilikuwa na meno manne tu, nimebaki na matatu! Mnaweka nini humo, saruji?"

"Mama, sisi tunatumia unga safi. Pengine umekaa siku nyingi..."

"Nani amekaa siku nyingi, mimi? Unaniita mzee?"

"Mkate, mama. Nasema mkate."

"Na hiyo chachu mnatumia au mnasali tu? Nani alikufundisha kupika, wewe? Mama yako? Basi nimeelewa, maskini, hata yeye hakujua!"

Nikamwona baba anavyobadilika. Hasira zilianzia shingoni zikapanda masikioni. "Mama yangu umuache," akasema. Simu ikamjibu, "Simwachi! Mkate huu ni ushahidi!" Na hapo baba akapiga donge la unga mezani, mzani ukaruka.

"Sikiliza wewe bibi! Mikate yangu imeliwa hapa Chang'ombe tangu nyumba hazina umeme! Kama huna meno, kanunue uji! Wala usinirudishie, mpe mumeo, na yeye akikimbia na hao kuku usinipigie! Na kesho usipite hata hii barabara!"

Mteja aliyekuwa ameingia kununua maandazi alitoka kinyumenyume. Kwenye simu kikaja kicheko ambacho nakijua, na nyuma yake vicheko vingine vingi, na kimoja kidogo kama cha mtu aliyepaliwa.

"Mtani!" Bibi Emilia akasema. "Hujambo mtani wangu! Mimi Emilia wa Bahi. Nilitaka tu kujua yule mtoto hasira kazitoa wapi. Basi, nimeshajua. Usiku mwema."

Simu ikakatika. Baba akabaki ameikodolea macho, masikio bado mekundu, unga kwenye ndevu.

"Hasira zipi?" akauliza polepole.

"Aa, utani tu mzee," Luka akaingilia haraka. "Wanavyotaniana misibani, unajua."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa kabisa. Lakini nilimwona baba yangu, aliyejisifia upole tangu sijazaliwa, amesimama pale na aibu yake mbele ya Luka, nikamwonea huruma, na nikampenda sana. Sikutaka abaki pale peke yake.

"Siyo utani, baba," nikasema. "Luka hajui. Niligombana. Nilikasirika kabisa, nikamtukana yule bibi msibani, wao ndio wakadhani ni utani."

Luka akashika kichwa. Baba akavuta stuli akakaa.

"Alikwambia nini?"

"Alisema umenitoa kwenye jiko sijaiva."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, na shikamoo yake. Nilipofika kwenye marehemu aliyekufa ili apate kimya, baba alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia, nikamkaribia, akaondoa mikono: uso mzima ni unga, na machozi yamechora mifereji miwili, anacheka hana sauti.

Alicheka mpaka akachoka. Kisha akatulia, akashusha pumzi, akawa baba tena.

"Kwa hiyo uligombana," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akautazama ule unga alioupiga mezani. Ulikuwa umebaki na alama ya ngumi yake.

"Na mimi," akasema. "Basi twende Kondoa wote wawili, tukashone."

Nilimrukia shingoni na unga wake wote. Jumatatu alinipeleka chuoni mwenyewe, amevaa shati lake la Idi.